Mtaka cha Mvunguni: Hotuba Kuhusu Thamani ya Daraja la Mawe la Mashambani

Ndugu mwenyekiti, waashi wenzangu, wahandisi, na ninyi mliokuja kwa sababu mna daraja mnalolipenda na hamjui mlitetee vipi, nawasalimu nyote.

Nimetakiwa nizungumzie thamani ya daraja la mawe la zamani, nami nimeomba ruhusa nijifunge kwenye lile la mashambani: tao moja, yakizidi sana matatu, juu yake barabara nyembamba, chini yake kijito. Gari hulivuka kwa sekunde nne. Madereva wengi hawana hata habari kwamba wamevuka kitu. Madaraja mashuhuri nitayagusa tu pale yanapotufundisha jambo, kwa kuwa yana watetezi wake. Daraja la Alcántara kule Hispania, la enzi za Kaisari Trajan, lina umri wa zaidi ya miaka 1,900 na halihitaji sauti yangu.

Hili dogo halina la kujivunia mbele za watu. Ukitafuta jina la aliyelijenga, mara nyingi hulipati. Ukitafuta mwaka, unapewa makadirio. Ndiyo maana kila unapozuka mjadala wa kupanua barabara, linakuja swali lilelile: lina nini la ajabu hata tulihangaikie? Nimelisikia swali hilo mara nyingi, na nimeona kwamba anayeliuliza huwa amesimama juu, kwenye lami. Wazee walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa kitanda hiyo ni methali. Kwa daraja la mawe ni maelekezo ya kazi. Karibu kila kilicho na thamani kiko uvunguni, na juu hapaonekani chochote ila kingo mbili za mawe na alama ya kupunguza mwendo.

Basi leo tuiname.

Ukishuka mtoni, ukaingia chini ya tao na kuinua tochi, utaona mawe yaliyochongwa mfano wa kabari, upande wa juu mpana, upande wa chini mwembamba. Kila jiwe linataka kuanguka, na kila jiwe linazuiwa na jirani yake ambaye naye anataka kuanguka. Uzito unapita jiwe hadi jiwe, unashuka mabegani mwa tao, yaani pande zake mbili zinazoteremka kutoka kileleni, unaishia kwenye kuta za ukingoni na kwenye ardhi yenyewe. Msidhani kwamba chokaa iliyo katikati ya mawe ni gundi. Kazi yake ni kuwa mto laini wa jiwe kulalia, ili uzito usidonoe sehemu moja.

Mwingereza Robert Hooke alilieleza jambo hili mwaka 1675, na akalificha kwa fumbo la herufi zilizochanganywa ili asiibiwe wazo. Jibu lilichapishwa mwaka 1705, yeye akiwa ameshafariki. Maana yake ni hii: jinsi mnyororo unavyoning'inia, ndivyo tao litakavyosimama ukigeuza umbo hilo juu chini. Ni maelezo mazuri kwelikweli. Ila tukumbuke kwamba kufikia siku hiyo waashi walikuwa wamejenga matao kwa maelfu ya miaka bila mnyororo wala fumbo. Mikono ilitangulia, karatasi ikafuata.

Sasa angalia pale tao linapoanzia, ukutani. Huenda ukakuta mawe yaliyoachwa yakijitokeza, au matundu ya mraba yaliyozibwa baadaye. Hapo ndipo palipoegemezwa kalibu ya mbao. Tao halijiwezi mpaka jiwe la mwisho, lile la kileleni, liingie mahali pake. Kabla ya hapo mzigo wote unabebwa na mbao. Kisha inafika siku ya kuitoa kalibu. Kabari zinalegezwa kidogokidogo, tao linashuka kiasi, linajikalia. Ukipima umbo lake leo utaona si duara kamili, upande mmoja umelala kuliko mwingine. Wako wanaoliita hilo kasoro. Kwangu mimi ni kumbukumbu ya ile siku, imekaa palepale ilipotokea, na hakuna nyaraka inayoweza kuisimulia hivyo.

Tembeza tochi polepole. Pengine utakuta mstari ulionyooka unaokata tumbo la tao kutoka ukuta hadi ukuta, upande mmoja mawe yamechongwa kwa tindo pana, upande mwingine kwa ncha. Huo ni mshono. Daraja lilipanuliwa. Sehemu ya kwanza huenda haifiki hata mita 2, kwa sababu ilijengwa kwa ajili ya wanyama wa mizigo, si magurudumu. Yako madaraja ya aina hiyo Uingereza ambayo hayakupanuliwa kamwe, na kingo zake ni fupi sana au hazipo kabisa. Watu hudhani zilibomoka. La, ziliachwa fupi ili mashogi yaliyoning'inia ubavuni mwa farasi yasikwaruze mawe. Kisha ikaja mikokoteni, barabara ikataka upana. Kisha yakaja magari. Ukiwa na futi kamba na dakika kumi, unaweza kusoma uvunguni mwa daraja moja biashara ya vizazi kadhaa.

Kwenye baadhi ya mawe utakuta alama ndogo, mkato wa mistari miwili mitatu. Ni alama za waashi. Mahali pengine zilitumika kuhesabu nani amechonga mangapi ili alipwe. Mtu ambaye jina lake halimo popote aliweka alama yake mahali ambapo hapaoni mtu ila maji na popo. Na popo, kwa kweli, wana haki yao humu: kule Ulaya wako popo wa mtoni wanaolala ndani ya nyufa za madaraja kama haya, na sheria inawalinda. Fundi anayeziba nyufa bila kuchungulia kwanza anaweza kuwafukia wakiwa hai.

Naona wahandisi wanatazamana. Nawaona mnasema: yote haya ni mapambo ya historia, sisi tunataka kujua kama litabeba lori. Nitafika huko. Ila kwanza niwape hadithi moja ambayo siichoki.

Mwaka 1746, kule Wales, mwashi mmoja aitwaye William Edwards alipewa kazi ya kuvusha barabara juu ya mto Taff, mahali panapoitwa sasa Pontypridd. Alikuwa mhubiri pia, na uashi alijifunza mwenyewe. Alijenga daraja la kwanza likiwa na nguzo mtoni. Haikupita hata miaka mingi ya kujivunia: mafuriko yakaja na miti, miti ikakwama kwenye nguzo, maji yakajaa nyuma yake kama bwawa, daraja likaondoka. Mkataba ulikuwa umemfunga kulidhamini kwa miaka kadhaa, hivyo alilazimika kuanza upya.

Akasema, kama nguzo ndizo zinazokamata miti, basi nguzo zisiwepo. Akaamua kuruka mto wote kwa tao moja la futi 140, karibu mita 43. Hapo ndipo alipokutana na adui mpya. Tao lilikuwa jembamba kileleni na zito mabegani, maana mabega yalijazwa mawe mpaka usawa wa barabara. Mabega yakasukuma chini, kilele kikasukumwa juu, tao likafumuka kama mtu aliyebanwa mbavu. Daraja likaanguka tena.

Mwaka 1756 alilimaliza, na bado lipo. Safari hii aliacha matundu matatu ya mviringo katika kila bega, kubwa chini, la kati, dogo juu, ili kupunguza uzito. Mgeni anayeyaona leo hudhani ni urembo. Matundu yale ni jibu la maumivu. Yako pale kwa sababu tao lililotangulia lilianguka.

Na tazameni: kule China, Li Chun alikuwa amejenga daraja la Anji lenye tao linaloruka mita 37, likakamilika yapata mwaka 605, naye aliyapunguza mabega kwa kuweka matao madogo ndani yake. Watu wawili, pande mbili za dunia, zaidi ya miaka 1,100 kati yao, shida ileile, jibu la ukoo mmoja. Niongeze tu, maana sipendi kumfanya mtu yeyote malaika, kwamba daraja la Edwards lilipanda mno kileleni kiasi kwamba mikokoteni ilitaabika kulivuka, na mwaka 1857 likajengwa jingine ubavuni mwake. Fundi alilishinda tao, farasi akashindwa na mteremko.

Kwa nini nimewachelewesha na Edwards? Kwa sababu kila daraja dogo la mashambani lina tundu lake la mviringo, hata kama halionekani. Mahali fulani nguzo imechongwa pua upande yanakotoka maji, kwa kuwa fundi aliujua mto ule unavyokuja kwa hasira. Mahali fulani tao moja ni kubwa kuliko mwenzake, na ukiuliza utagundua mwamba uko upande mmoja tu. Hayo ni maarifa ya mahali hapo, yamewekwa kwenye jiwe kwa sababu hayakuwa na pengine pa kuwekwa. Ukilibomoa, unafuta nakala pekee.

Sasa tuje kwenye kifo cha madaraja.

Adui wa kwanza ni maji, na huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni chini: mkondo unachimba mchanga kuzunguka msingi, taratibu siku za kawaida, kwa pupa siku ya mafuriko, mpaka nguzo inabaki imesimama juu ya shimo. Daraja linalopotea hivyo huwa halikuwa na ubovu wowote machoni pa aliye juu. Njia ya pili ni kutoka barabarani. Ndani ya daraja la mawe, kati ya kuta mbili za pembeni, kumejazwa udongo na kokoto. Lami ikipasuka, maji yanaingia humo, udongo unalowa, unavimba, unasukuma kuta nje. Ukiona ukuta wa pembeni umetoa tumbo, usimlaumu mwashi wa kale. Mlaumu aliyeacha mfereji wa barabara uzibe.

Adui wa pili ni wema. Hapa nakiri kosa langu mwenyewe. Mwanzoni mwa kazi yangu nilipewa daraja ambalo viungo vyake vilikuwa vimekula, unaingiza vidole mpaka fundo la pili. Nikakwangua, nikaziba kwa saruji, nguvu, safi, mistari imenyooka. Tulipiga picha. Niliporudi baada ya miaka, saruji yangu ilikuwa nzima kabisa, imesimama kama kimia cha samaki, na mawe yaliyokuwa ndani ya matundu ya kimia yalikuwa yamerudi nyuma, nyuso zake zikimenyeka kama maganda ya kitunguu.

Sababu ni rahisi, na ningeijua kama ningemsikiliza mzee mmoja badala ya kusoma maandishi ya kwenye mfuko. Jiwe hunywa maji na hutaka kuyatoa. Chokaa ni laini na ina pumzi, hivyo unyevu hutokea kwenye kiungo, na kinacholika ni chokaa, ambayo huja kuwekwa upya. Ndiyo kafara ya ukuta. Saruji haipumui na ni ngumu kuliko mawe mengi, kwa hiyo unyevu unageukia jiwe, chumvi inaganda chini ya uso wake na kuubandua. Tena tao hucheza. Linapanuka kwa joto, linasinyaa kwa baridi, linainama kidogo lori likipita. Chokaa huvumilia mchezo huo, na ufa mdogo ndani yake huweza hata kujiziba, kwa kuwa maji huyeyusha kidogo na kuigandisha tena. Saruji hukatika. Tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ni kweli tupu, ila mimi niliuziba ufa na bado watu wakajenga ukuta.

Wema mkubwa kuliko wangu ulifanyika Great Musgrave, Cumbria, kaskazini mwa Uingereza. Kuna daraja la mawe la mwaka 1862 linalopitisha barabara juu ya njia ya reli iliyokufa zamani. Mwaka 2021 wakala uliokabidhiwa kulitunza ulijaza uvungu wake wote kwa kokoto na zege, zaidi ya tani 1,000, kwa hoja ya usalama. Kutoka juu, dereva asingetambua lolote. Barabara ileile, kingo zilezile. Lakini daraja halikuwepo tena, kulikuwa na tuta lenye mapambo ya mawe pembeni. Watu waliotumaini kwamba siku moja treni ya kitalii ingepita pale wakapiga kelele, na kelele ikasambaa nchi nzima. Mwaka 2022 halmashauri ya wilaya ilikataa kuidhinisha kazi iliyokwisha kufanyika. Mwaka 2023 zege lote likang'olewa, kwa gharama iliyozidi ile ya kulimimina. Tao likaonekana tena.

Ninaipenda hadithi hii kwa sababu inajibu swali la thamani bila hotuba. Wale watu hawakutetea barabara, maana barabara haikuguswa. Walitetea uwazi ulio chini yake.

Je, kila daraja liokolewe kwa gharama yoyote? Sisemi hivyo. Mwezi Desemba 2015, dhoruba iliyoitwa Desmond ilifagia daraja la mawe la mwaka 1764 katika kijiji cha Pooley Bridge, huko huko Cumbria. Halikujengwa upya kwa mawe. Mwaka 2020 likafunguliwa la chuma kisichoshika kutu, tao moja, bila nguzo mtoni. Wapo waliolalamika. Mimi sikulalamika sana: la kale lilikuwa limekwenda na maji, na lililofuata halikujifanya la kale.

Mwaka uleule wa 2015, mwezi Februari, daraja la Plaka katika milima ya Epirus, Ugiriki, tao la 1866 linaloruka karibu mita 40, lilianguka kwenye mto Arachthos uliofurika. Wagiriki walichagua njia nyingine. Walilijenga upya kwa mawe, kwa umbo lake, na kufikia mwaka 2020 tao lilikuwa limeunga kingo mbili tena. Je, ni lilelile? Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unasema ukarabati ukome pale dhana inapoanza, na kwa kipimo hicho Plaka ina utetezi, kwani vipimo na picha zilikuwepo. Hati ya Nara ya mwaka 1994, nayo ni ya wahifadhi wa kimataifa, inakwenda mbali zaidi, inakubali kwamba uhalisi wa kitu unaweza kukaa kwenye ufundi na matumizi, si kwenye jiwe peke yake. Kwangu mimi, thamani kubwa ya Plaka mpya ni kwamba kuna watu walio hai leo ambao wameshasimamisha kalibu ya mita 40 na kuitoa.

Lakini angalieni jambo linaloyaunganisha hayo mawili. Unaweza kujenga upya kile tu ulichokipima. Daraja dogo ambalo hakuna aliyewahi kuinama chini yake likienda na maji, limekwenda na kila kitu.

Haya, lori. Wahandisi, sikuwasahau. Miaka ya 1930 mhandisi Pippard na wenzake kule Uingereza walipima matao ya mawe mpaka kuyavunja, na wakati wa Vita Kuu ya Pili matokeo yao yakasaidia jeshi kukadiria kama madaraja ya mikokoteni yangebeba vifaru. Mengi yalibeba. Tao la mawe lina akiba ya nguvu inayoshangaza, kwa sababu mara nyingi kushindwa kwake ni suala la umbo, si la jiwe kupondeka. Mradi kuta za ukingoni hazisogei, tao linaweza kuwa na nyufa na bado likasimama karne nyingine. Kwa hiyo mkiletewa ripoti inayosema daraja ni bovu kwa sababu lina nyufa, ulizeni ufa gani, uko wapi, unatembea au umelala. Ufa wa kukingama chini ya tao ni jambo moja. Ufa unaolitenga tao na ukuta wa pembeni ni jambo jingine, na mara nyingi chanzo chake ni yale maji ya barabarani.

Na sipendi daraja lililofungwa barabara likageuzwa sanamu. Daraja lisilovukwa husahaulika upesi, miche inaota viungoni, mizizi inafanya kwa miaka ishirini kile ambacho mafuriko hayakuweza kwa mia mbili. Liacheni lifanye kazi kadiri ya nguvu zake. Mkataba wa Burra wa wahifadhi wa Australia, uliopitishwa mwanzo mwaka 1979, unataka ubadilishe kwa kadiri inayolazimu na kidogo iwezekanavyo. Kwa daraja la mashambani, mara nyingi hiyo ina maana ya mfereji kuzibuliwa, miche kung'olewa ikiwa bado midogo, chokaa kuwekwa viungoni, na mawe kupangwa mtoni kuzunguka nguzo ili mkondo usichimbe. Hakuna atakayekuja kukata utepe kwa kazi hiyo. Ni kazi ya ndoo na mwiko.

Kwenye meza ile nimeweka vipande viwili vya ukuta, kimoja kimeungwa kwa chokaa, kingine kwa saruji, vyote vilimwagiwa maji asubuhi kabla hamjaingia. Viguseni mkipita, mtajua kipi kimeshakauka. Futi kamba ziko kumi, tochi ziko sita, na ndala za mpira za kuingilia mtoni zipo za kila saizi isipokuwa saba. Mwenyekiti ameniambia nimebakiwa na dakika za maswali matatu. Mwenye swali la chokaa aanze.